Mayai Meupe ya Vibakuli Vyekundu

Kwa miaka ishirini na sita Bualai alikuwa akitazama choo cha watu, na watu walimheshimu kwa hilo. Alipopita sokoni, wauza mboga waliinamisha macho kidogo na kumwongezea fungu la mnanaa, kwa kuwa yule mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi ndiye aliyejua nani ana minyoo na nani hana. Hakuwahi kumtaja mtu. Siri za nusu ya wilaya zilikaa kichwani mwake, nzito na zisizo na faida, na kila asubuhi aliletewa nyingine ndani ya vikopo vyenye vifuniko vyeupe.

Alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa umeanzia machoni, ukashuka shingoni, ukafika kiunoni, ukahamia huko na vyombo vyake vyote.

Minyoo wenyewe wanajulikana na kila mtu huku Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand. Wanakaa kwenye nyama ya samaki wadogo wa mito na mashamba ya mpunga. Mtu akimla samaki huyo akiwa mbichi, wanapanda hadi kwenye mifereji ya nyongo ndani ya ini, na humo wanaishi miaka ishirini wakitaga. Mayai hutoka na choo, yakaingia majini, yakaliwa na konokono, watoto wao wakatoka kwa konokono wakaingia kwa samaki, na samaki akarudi kwenye sahani: amekatwakatwa, amekamuliwa ndimu, amechanganywa na pilipili na unga wa mchele uliokaangwa. Hiyo ndiyo koi. Hakuna asiyejua. Mabango yapo shuleni, yapo zahanati, yapo hata kwenye ukuta wa hekalu. Dawa ya kuwaua ipo tangu zamani, lakini anayerudi kwenye koi huwapata wengine. Prasoet, mume wa Bualai, alijua kuliko wote, maana ndiye aliyempakia mkewe kwenye pikipiki kila asubuhi hadi mlango wa maabara. Na kila Jumamosi alikula koi na shemeji zake, akisema ndimu imeshampika samaki. Alikufa akiwa na miaka arobaini na tisa, manjano kama bizari, mifereji ya nyongo imezibwa na saratani. Bualai alirudi kazini siku ya nane. Angefanya nini kingine?

Kitu kimoja tu katika kazi ile alikuwa bado anakipenda, nacho ni ganda.

Yai la mnyoo wa ini ni dogo hata mayai mia yakipangwa mstari hayafikii urefu wa punje ya mchele. Limeumbwa kama mtungi, lina kifuniko, na chini ya kifuniko lina mabega. Linapoanza kuumbwa tumboni mwa mnyoo, ganda lake halina rangi, ni laini kama utando wa uji. Chembe zinazolizunguka yai humwaga matone ya protini, matone yakaungana, yakalifunika. Hapo kimeng'enya huanza kazi yake. Huchukua hewa, hugeuza sehemu ndogo ya ile protini kuwa kitu king'ang'anizi, na kitu hicho hushika protini hii na ile, mkono kwa mkono, mpaka zote zimefungana. Yai likizidi kusogea kuelekea nje hubadilika rangi: manjano, dhahabu, kahawia. Linapotagwa ni gumu kama ngozi ya nyati iliyolowekwa kwenye maji ya magome. Nyongo haiwezi nalo, mto hauwezi nalo. Bualai alipotumwa vijijini kueleza hayo, hakutaja kimeng'enya. Alisema, "Mnajua ua la mgomba mkilikata linavyogeuka jeusi? Ndivyo ganda la yai la mnyoo linavyoiva." Wanawake waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao kupika.

Daktari Nopphakhun, mkuu wa maabara, alikuwa na wazo moja, na alikuwa ameliishi miaka mitano: ipatikane dawa ya kukizuia kimeng'enya kile. Mnyoo atataga, lakini atataga mayai mabovu yasiyo na ganda la kuyalinda, na yakifika majini yatakufa. Konokono hatapata kitu, samaki hatapata kitu. Dawa ilipopatikana, waliijaribu hivi. Minyoo hai, waliotolewa kwenye maini ya panya wa maabara, waliwekwa siku tatu katika vibakuli vya kioo vyenye kina cha kijiko, ndani ya matone machache ya maji ya chumvi. Vibakuli vyenye alama ya bluu havikutiwa dawa. Vyenye alama nyekundu vilitiwa, na havikuchanganywa na vingine hata siku moja. Kwa mwaka mzima matokeo yalikuwa yaleyale: kwenye bluu, mayai ya kahawia, kwenye nyekundu, mayai meupe, malegevu, yamebonyea kama mipira iliyotoka upepo.

Ndiyo maana, mwaka mpya ulipofika mwezi wa Aprili na watu wakawa wanamwagiana maji barabarani, Bualai alikunywa bia mbili zenye barafu nyumbani kwa kaka yake Khamsing, kijijini Nong Hin Lat, akajigamba. Haikuwa tabia yake. "Tumewapata," alisema. "Hawatagi tena yai la maana. Subirini muone." Wanaume wakapiga meza kwa viganja, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu azike mume, akajiona mrefu.

Sasa ilikuwa Julai, mvua zimefika, mpunga unapandikizwa. Siku ya Ijumaa wangekuja wageni kutoka Bangkok, watu wenye uwezo wa kusema ndiyo. Wakisema ndiyo, dawa itaanza kujaribiwa kwa binadamu, na kijiji cha kwanza kwenye orodha ni Nong Hin Lat.

Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Bualai! Bado unachungulia vinyesi?"

"Niko kazini, kaka. Mmeanza kupanda?"

"Tangu jana. Tuko wanane, viuno vinalia kama milango. Lakini samaki, mdogo wangu! Wamejaa mtaroni utadhani wamealikwa harusi."

Nyuma ya sauti yake Bualai alisikia kisu kikigonga ubao, ko-ko-ko-ko, upesi upesi, bila kupumzika. Aliujua mlio ule. Hakuna chakula kingine kinachokatwa hivyo.

"Kaka, mnakata nini hapo?"

"Mboga."

"Mboga yenye magamba?"

Kicheko kililipuka upande wa pili. "Huyo dada yako ana masikio ya popo!" mtu alisema kwa mbali.

"Kaka Khamsing, wewe uliacha. Ulimwahidi Prasoet akiwa kitandani, nikiwepo."

"Niliacha," alisema Khamsing, na sauti ikapungua mzaha. "Miaka sita, Bualai. Miaka sita nimekula samaki wa kuchemsha kama mtu aliyetoka kujifungua. Lakini si mmepata dawa? Ulisema mwenyewe, mezani kwangu, mbele ya watu. Tangu siku ile hatuna wasiwasi."

"Tangu siku ile? Tangu Aprili?"

"Mara mojamoja."

"Nilisema mayai, kaka. Dawa inaharibu mayai. Mnyoo mwenyewe haimuui. Tena haijatoka hata mlangoni mwa maabara."

"Mayai, mnyoo, si ukoo mmoja? Asiyezaa ataisha tu. Wewe ndiye msomi wetu, usianze kutuchanganya. Acha tule, jua linapanda."

Simu ikakatika. Bualai alibaki ameishika, akisikiliza kisu kisichokuwepo tena.

*

Mchana alikula na Mama Thongsai, kama kila siku. Mama Thongsai alikuwa na miaka sitini na minne. Kazi yake ilikuwa kupasua samaki wa utafiti na kuosha vyombo, na alizifanya zote mbili akiongea. Nyuma ya maabara palikuwa na sinki, jiko dogo na meza, na juu ya sinki karatasi iliyobandikwa yenye mwandiko wa Bualai: utaratibu wa kuosha.

"Uso umeukunja kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni," alisema Mama Thongsai. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Bado."

"Basi menya hivi vitunguu."

Mama Thongsai alikuwa akikata ua la mgomba kwa ajili ya mchuzi, vipande vyembamba kama karatasi, akivitupa kwenye bakuli la maji. Vichache vilivyobaki kwenye ubao vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi pembeni. Alinyoosha mkono hadi ukingoni mwa sinki, ambako vibakuli vyenye alama nyekundu vilikuwa vimefudikizwa vikauke, akachukua nusu ya ndimu iliyokuwa katikati yao, akaikamulia kwenye bakuli la ua la mgomba.

Bualai aliacha kumenya. "Mama, hiyo ndimu inafanya nini kule kwenye vibakuli?"

"Usiogope, hii sijaigusisha dawa. Ya vibakuli nimeshaitupa."

"Ya vibakuli? Ipi ya vibakuli?"

"Ya kusugulia." Mama Thongsai alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Hiyo dawa yenu inanuka, mwanangu! Inanuka kama samaki aliyekufa, akafufuka, akafa tena. Sabuni nimejaribu, haiwezi. Basi navisugua na ndimu, naviacha vikauke nayo, kesho yake ni safi kabisa. Vya bluu havina harufu, vile nasuuza tu na maji."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo dawa ilipoingia humu. Mwaka na zaidi. Kwani wewe kwako, bakuli la samaki unaliosha na nini?"

Jibu la Bualai lilikuwa ndimu. Mama yake aliosha na ndimu, na bibi yake, na kila mwanamke wa bonde zima aliyewahi kushika samaki. Kwa mwaka mzima alipita kwenye sinki lile kila asubuhi, akanusa ndimu, na pua yake ikamwambia: hapa pamesafishwa. Akainua macho kwenye karatasi yake mwenyewe juu ya sinki. Mstari wa tatu, kwa herufi zilizonyooka: *Osha hadi harufu iishe.*

Akatazama tena bakuli. Ndani ya maji ya ndimu, ua la mgomba lilikuwa jeupe kama jino. Kwenye ubao lilikuwa jeusi. Ndimu hukinyima kimeng'enya nguvu, na kilichokwisha kuanza kuiva hukirudisha nyuma. Hilo Bualai angeweza kulieleza usingizini. Alikuwa amesimama mbele ya wanawake wa vijiji vingapi, akawauliza kama wanajua ua la mgomba linavyogeuka jeusi? Na hata siku moja hakuwauliza neno la pili: mnafanya nini lisigeuke?

"Mwanangu, huli?"

"Nakula, mama."

Alikula. Huku akila, alihesabu vibakuli ukingoni mwa sinki.

*

Alasiri ile Bualai alichukua vibakuli vinane. Vinne vya nyekundu alivichemsha mwenyewe, akavisuuza mara tatu, akavitia dawa kwa kipimo kilekile cha siku zote. Vinne vya bluu alivisugua na ndimu, akaviacha vikauke, na hakuvitia dawa. Akaweka minyoo. Hakumwambia mtu.

Lakini mtu anayeosha vyombo hujua chombo kilichooshwa na mwingine.

"Kwa nini unaniibia kazi?" aliuliza Mama Thongsai kutoka mlangoni.

"Nanyoosha mgongo."

"Mgongo haunyooshwi kwenye sinki." Akaja karibu, akashusha sauti. "Nimeharibu kitu?"

"Sijui bado, mama."

"Ukijua utaniambia? Mimi nikifukuzwa hapa sina pengine pa kwenda. Nani atamchukua bibi kizee anayenuka samaki?"

"Hunuki samaki, mama," alisema Bualai. "Unanuka ndimu. Nitakuambia wa kwanza."

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Mapazia yalifuliwa. Daktari Nopphakhun alitembea koridoni akizungumza peke yake, akijaribu hotuba yake kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukipanda na kushuka. Walileta picha ya yai jeupe iliyokuzwa ikawa kubwa kama mlango, wakaitundika ukumbini, na kila aliyepita alisimama kulitazama lile ganda legevu lililokunjamana. Bualai alipita bila kugeuza shingo. Mara mbili alianza kumpigia kaka yake, mara mbili akaacha. Angemwambia nini? Kwamba labda? Labda haijawahi kuzuia kisu.

Alhamisi asubuhi, kabla wengine hawajafika, aliwasha taa ya hadubini na kuweka kibakuli cha kwanza chenye alama nyekundu. Dawa ndani, ndimu hakuna.

Kahawia. Mitungi midogo ya kahawia yenye vifuniko na mabega, imepangana tumboni mwa mnyoo kama mizigo stendi: iliyo nyuma bado myeupe, ya katikati ya dhahabu, ya mwisho imeiva kabisa. Akaweka cha pili, cha tatu, cha nne. Kahawia. Akaweka cha bluu, kisicho na dawa, chenye ndimu. Meupe, meupe, meupe.

Akazima taa ya hadubini. Miaka mitano ya Daktari. Na yeye mwenyewe, mrefu mezani mwezi wa Aprili. Dawa yao haikuwahi kugusa ganda hata moja.

Akaenda kwenye sinki. "Ni ndimu, mama."

Mama Thongsai aliweka chini kisu cha samaki, akajifuta mikono, akavua aproni na kuikunja vizuri, pembe kwa pembe. "Nitamwambia mwenyewe."

"Hutamwambia kitu. Soma hapo juu. Nani ameandika?"

"Wewe."

"Ulifanya nilichoandika. Vaa aproni yako."

*

"Dada Bualai!" alisema Daktari alipomwona mlangoni. "Umeiona ile picha? Hata kipofu ataelewa."

"Daktari, njoo hadubinini kwanza."

Alikuja akitabasamu, akainama, akatazama muda mrefu. "Hiki ni cha bluu. Kizuri tu."

"Hicho ni chekundu. Kina dawa, kipimo kilekile. Nimekichemsha kwa mkono wangu."

Hakuinua kichwa. Bualai alimsogezea kingine.

"Na hiki?"

"Hicho hakina dawa. Kina ndimu."

"Ndimu ya nini?"

"Ya kuondoa harufu."

Nopphakhun alizaliwa kwenye bonde hilihili; mama yake aliuza samaki miaka thelathini. Hakuuliza mara ya pili. Aliinua kichwa taratibu, akavuta kiti, akakaa upande upande kama mtu anayekaa kwenye kiti cha wenyewe.

"Nani aliviosha?"

"Niliandika 'Osha hadi harufu iishe.' Mtu wa huku ukimwandikia hivyo, umemwandikia ndimu. Lilikuwa kosa langu kabla halijawa la mwingine."

Daktari alicheka, kicheko kifupi kilichotoka puani. Kisha akasimama ghafla. "Lakini ngoja. Kama ndimu inazuia ganda, basi ndimu yenyewe..."

"Daktari. Watu wamekamulia ndimu kwenye koi tangu bibi zao wakiwa wachanga. Mnyoo hajawahi hata kupiga chafya. Ndimu inaishia tumboni. Mnyoo yuko kwenye ini."

Akakaa tena. Nje mtu alikuwa akifagia majani kwa ajili ya wageni, fagio likikwaruza saruji.

"Wanakuja kesho," alisema hatimaye. "Tunaweza kuwaonyesha tulicho nacho, halafu tukarudia kazi yote kimyakimya. Mwezi mmoja. Si uongo, dada. Ni kuchelewa tu."

"Kaka yangu anakula koi."

"Kaka yako angekula koi hata..."

"Alikuwa ameacha. Miaka sita aliacha, kwa ajili ya mume wangu. Mimi ndiye niliyemrudishia sahani. Nilijigamba mbele yake, akaniamini, na wenzake saba wakamwamini yeye. Hapo hatujawapelekea kidonge hata kimoja. Sasa fika kijijini na koti lako jeupe, uwape dawa isiyofanya kitu, halafu uniambie nani atawasha moto kuchemsha samaki."

Nopphakhun alifunika uso kwa viganja. Alipozungumza, sauti ilitoka katikati ya vidole. "Miaka mitano, dada."

"Najua. Nilikuwepo."

"Wewe huchoki?"

"Nimechoka tangu hujaajiriwa."

Fagio nje lilinyamaza. Daktari alishusha mikono. Alionekana mdogo, na mzee, vyote viwili. Alichukua kibakuli chekundu, akakigeuza kwenye mwanga, akakinusa.

"Kinanuka kweli," alisema. Kisha akasimama. "Njoo unisaidie kushusha ile picha. Peke yangu siwezi, ni kubwa."

Wageni walikuja Ijumaa, wakaambiwa, wakanywa chai, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Mmoja tu aliuliza swali, nalo lilikuwa kuhusu njia ya mkato ya kwenda uwanja wa ndege.

*

Jumamosi Bualai alishuka kwenye basi njia panda ya Nong Hin Lat, akavua ndala, akapita juu ya tuta jembamba kati ya mashamba yaliyojaa maji. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Wanaume wanane walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha shambani, matope hadi magotini, vikapu vya wali wamevifungua. Katikati palikuwa na sahani.

"Tazameni!" alisema Khamsing. "Ndugu za wenzenu wakija huleta matunda. Mimi wangu ameniletea vikopo vya choo."

Wakacheka wote. Bualai alisubiri wamalize. Alibaki amesimama juani, nje ya kivuli.

"Ile dawa niliyowaambia mwaka mpya," alisema, "haipo."

"Imeisha?" aliuliza jirani mmoja, Bunthan, mdomo umejaa.

"Haikuwahi kuwepo. Tulidhani dawa ndiyo inayoharibu mayai. Ilikuwa ndimu, imebaki kwenye vyombo vyetu tulipoviosha."

Bunthan alitupa mikono juu. "Si tumepona basi! Hii sahani ina ndimu kumi na mbili! Nimezikamua mwenyewe!"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, mpaka bata wakaruka kutoka mtaroni. Khamsing peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama dada yake usoni.

"Ndani ya ini lako, Bunthan, hakuna ndimu," alisema Bualai. "Ingekuwepo, nisingekuwa mjane. Nilikosea. Mbaya zaidi nilijigamba, na nyinyi mmekula juu ya maneno yangu. Nimekuja kuyachukua maneno yangu. Na nimeleta vikopo."

Maji yalikuwa yakishuka kutoka shamba hili hadi lile kwa sauti ndogo. Khamsing alinyoosha kidole, akausukuma ukingo wa sahani kidogo, kama mtu anayesogeza kitu kisimwangukie.

"Prasoet naye alikuwa akisema hivyo," alisema. "Ndimu imempika."

"Alikuwa akisema."

"Nipe viwili. Kimoja hakinitoshi, mimi ni mtu mkubwa."

Hapo wakacheka tena, kwa chini, na vikopo vikapita mkono kwa mkono. Lakini alipokuwa akirudi juu ya tuta Bualai aligeuka mara moja, na aliona mikono miwili mitatu ikirejea kwenye sahani. Wa kaka yake hakuuona. Labda ulikuwepo. Hakugeuka tena.

*

Jumatatu vikopo vilikuwa mezani kwake, vinane, vimefika na basi la alfajiri ndani ya ndoo ya barafu. Alianza na cha Khamsing. Alichuja, akazungusha, akachukua tone la chini kabisa, akaliweka kwenye kioo. Akasafisha miwani. Akainama.

Hakuhitaji kutafuta. Lilikuwa katikati ya mwanga, peke yake, utadhani linamsubiri: kahawia kama mchele uliokaangwa, kifuniko kimekaa sawasawa, mabega mawili yametuna. Hakuna ganda aliloliona katika miaka ishirini na sita lililoumbwa vizuri kuliko lile. Karibu yake likaogelea la pili. Halafu la tatu.

Bualai alinyoosha shingo, ikalia. Alikwenda kwenye sinki, ambako karatasi mpya ilikuwa imebandikwa na Mama Thongsai alikuwa akisuuza vibakuli kwa maji matupu huku ameziba pua kwa kitambaa. Akanawa, akarudi, akapiga simu.

"Haya," ilisema sauti ya Khamsing, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga bati. "Wapangaji wangu hawajambo?"

"Hawajambo, kaka. Hawajambo kabisa."

"Wengi?"

"Njoo unywe dawa ya kuwaua, ile ya zamani, nikiwa nakuona. Halafu upigwe picha ya ini."

"Tukimaliza kupanda."

"Kesho."

"Bualai, mpunga haujui mambo ya..."

"Kesho, kaka."

Alimsikia akivuta pumzi, akaitoa. "Na nikija huko, utanilisha nini?"

"Samaki," alisema Bualai. "Wa kuchemsha."

Kaka yake alitukana taratibu, tusi la zamani la nyumbani lisilo na ukali, akasema atapanda basi la kwanza. Bualai akaweka simu chini, akaondoa kioo cha kwanza, akavuta kikopo cha Bunthan. Vilikuwa vimebaki saba.